Picha ya Mkulima na Soko la Kahawa Yetu

(Hotuba ya Kamati ya Mauzo iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi wa Kamati ya Mauzo twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema mbele yenu siku hii ya furaha. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani, pembejeo na hesabu, nao wameeleza vema kupita vile ambavyo tungaliweza sisi. Jambo letu ni dogo kwa kulitazama, nalo ni picha. Twajua ya kuwa wako wanaonong'onezana sasa hivi, wakiulizana picha zina nini na kilo za kahawa. Twawaomba mtuvumilie, maana katika karatasi ya ajenda mliyo nayo mikononi, jambo la saba lahusu makato mapya ya kulipia picha, nembo na mifuko, na alasiri hii mtaombwa kulipigia kura. Si haki mtu akatwe fedha yake pasipo kuelezwa iendako.

Jambo hili lilipopelekwa mara ya kwanza katika mikutano ya vyama vya msingi, mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema maneno manne tu: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Akaketi. Watu wakapiga makofi, na sisi tuliokwenda na karatasi zetu ndefu hatukuwa na la kujibu siku ile. Tumelifikiri jibu tangu wakati huo, na leo twaomba ruhusa ya mzee wetu tulitoe.

Mithali ile ni ya kweli, lakini ni ya soko ambalo mnunuzi na mali huonana. Mama akienda sokoni Mbinga kununua maharage, huyatia kiganjani, huyapuliza makapi, huuma punje moja, na maharage mazuri yakajiuza yenyewe. Kahawa yetu haina bahati hiyo. Twaichuma ikiwa nyekundu, twaimenya, twaichachusha, twaiosha, twaianika juu ya meza, kisha twaikabidhi ghalani ikiwa na ganda lake. Kutoka hapo hukobolewa, hupangwa madaraja, huuzwa kwa sampuli, hutiwa katika magunia ya kilo 60, huvuka bahari, na huko iendako mara nyingi huchanganywa na kahawa za nchi tatu au nne kabla ya kukaangwa. Anayeinywa Hamburg au Tokyo hajui kwamba Umatengo uko duniani. Kizuri kilichofunikwa uso chajiuzaje?

Wakulima wenzetu wa Colombia, katika Amerika ya Kusini, walikutana na swali hili zamani, na kwa kuwa habari yao yajulikana, twaona heri tuisimulie kwa urefu kidogo.

Wakulima hao wana Shirikisho lao la Taifa, lililoundwa mwaka 1927. Wengi wao ni wenye mashamba madogo ya mlimani kama sisi, na leo hesabu yao ni zaidi ya jamaa 500,000. Mwaka 1954 bei ya kahawa duniani ilipanda mno, kisha ikaanza kushuka, na mwisho wa miaka ile ya hamsini hali ilikuwa ngumu. Wamarekani, waliokuwa wanunuzi wao wakubwa, walikunywa kahawa ya Colombia kila asubuhi, lakini hawakuijua. Kwao kahawa ilikuwa jina la mkaangaji lililoandikwa juu ya kopo. Mwaka 1959 Shirikisho likaajiri kampuni ya matangazo ya New York, iitwayo Doyle Dane Bernbach. Kampuni ile ingaliweza kuandika magazetini kwamba kahawa ya Colombia ni bora kupita zote, na msomaji angaligeuza ukurasa, maana kila muuzaji husema hivyo. Walilofanya ni kumbuni mtu. Wakamwita Juan Valdez.

Tazameni walivyomvika. Walimpa kofia pana ya majani, blanketi la begani liitwalo poncho, na mkoba wa ngozi. Nyuma yake wakamwekea nyumbu wake (huyu ni mnyama azaliwaye na punda na farasi, si nyumbu wa Serengeti), na nyuma ya nyumbu wakaweka milima. Hakuna kitu kimoja katika picha ile kilichowekwa kwa urembo. Kofia yasema jua. Blanketi lasema baridi ya mlimani. Nyumbu asema mahali ni pa mteremko, gari halipiti. Milima yasema kahawa hii yaota juu, ambako tunda hukawia kuiva. Na katika matangazo ya televisheni mtu yule alionekana akichuma kwa mkono, tunda kwa tunda, akiacha mabichi mtini. Mtazamaji aliyekaa kitini kwake New York alielewa mwenyewe kwamba kahawa iliyopewa kazi namna hiyo haiwezi kuwa sawa na nyingine, na jambo ambalo mtu amelielewa kwa macho yake hashindani nalo sana.

Mwaka 1981 picha ile ilifupishwa ikawa nembo: mtu, nyumbu na milima, basi. Mkaangaji aliyetaka kuibandika juu ya kopo lake alitakiwa kuweka ndani yake kahawa ya Colombia tupu. Mwaka 2002 Shirikisho lilianzisha kampuni ya maduka ya kahawa yenye jina la Juan Valdez, na mwaka 2007 Jumuiya ya Ulaya ikalilinda kisheria jina la kahawa ya Colombia, hata asiwepo mtu wa kulitumia hovyo.

Nani alilipia yote hayo? Walilipa wakulima. Tangu mwaka 1940 uko mfuko wa taifa wa kahawa nchini humo, ambao hupata fedha kwa makato ya kila ratili iendayo ng'ambo. Kwa hiyo nembo ile si mali ya mkaangaji wala ya kampuni ya matangazo. Hapa ndipo tungependa wajumbe mtege masikio zaidi kuliko penginepo, kwa maana watu wengi husifu picha ya Juan Valdez, lakini wachache huuliza hati yake iko kabatini mwa nani.

Hatutaki, hata hivyo, mwondoke hapa mkidhani ya kuwa Wacolombia walipata dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilishuka chini ya senti 50 za Kimarekani kwa ratili, na Juan Valdez, pamoja na umaarufu wake wote, hakuweza kuizuia. Wakulima wa Colombia waliumia kama walivyoumia wazee wetu huku. Picha haipandishi bei ya dunia. Tena nyuma ya picha yao palikuwa na kazi nyingine isiyoonekana: tangu mwaka 1938 wana kituo chao cha utafiti, Cenicafé, na kahawa iendayo ng'ambo hukaguliwa kabla ya kutoka. Kama kikombe kingalikuwa kibaya, kofia na nyumbu vingaligeuka kuwa kichekesho.

Liko na jambo jingine katika habari yao ambalo sisi hatulisifu. Mtu wa kwanza aliyevaa kofia ile, José F. Duval, alikuwa mwigizaji, si mkulima wa kahawa. Mwaka 1969 alipokewa na Carlos Sánchez, Mcolombia mwenye shamba lake la kahawa, na mwaka 2006 akaja Carlos Castañeda, mkulima wa Andes katika jimbo la Antioquia. Ilichukua miaka kumi kabla ya sura kuwa ya mwenye mali.

Kwa upande huo Wamarekani wenyewe walikawia zaidi. Kiko chama cha ushirika cha wafugaji kiitwacho Land O'Lakes, kilichoanza mwaka 1921 katika jimbo la Minnesota, na siagi yake yajulikana Marekani nzima. Tangu mwaka 1928 pakiti zake zilibeba picha ya mwanamke wa wenyeji wa asili wa nchi ile, akiwa amepiga magoti. Mwaka 1954 mchoraji Patrick DesJarlait, naye ni mwenyeji wa asili wa kabila la Ojibwe, aliichora upya kwa heshima zaidi. Lakini swali lilibaki: ng'ombe ni wa nani, na sura ni ya nani? Mwaka 2020 chama kikaiondoa picha ile, kikiwa karibu kutimiza miaka mia moja, na pakiti zikaanza kueleza kwamba chama ni mali ya wakulima, nyingine zikibeba picha za wanachama wenyewe.

Sasa turudi nyumbani, tuungame makosa yetu.

Wajumbe wengi watakumbuka mfuko wetu wa kwanza wa kahawa ya kukaanga, ule tulioupeleka katika Maonyesho ya Nane Nane. Tulimpa kazi mchapaji mmoja wa mjini, na kwa haraka hatukumweleza neno. Akatuletea mfuko mzuri wa kung'aa wenye picha ya twiga, mti wa mgunga, na jua linalozama. Tukaulipia. Ndugu zangu, nani katika ukumbi huu amepata kumwona twiga akila mibuni yake? Wageni waliopita mbele ya meza yetu walituuliza kama sisi ni kampuni ya watalii. Mtoto mmoja alimwuliza babake kama kilichomo ni nyama. Tuliuza kidogo sana, na mifuko iliyobaki mwaiona ghalani hadi leo, makarani wakitilia misumari.

Kosa la pili halichekeshi. Misimu minne iliyopita alifika mgeni wa kampuni moja ya kununua kahawa, na sisi maofisa wa Chama Kikuu tulimpitisha mashambani. Alipiga picha nyingi. Mama mmoja wa chama cha msingi, mwanachama tangu siku ya kwanza, alikuwa akipalilia. Alikuwa na nguo ya shamba, kichwa wazi, miguu ina tope. Alipigwa picha hajui. Mwaka uliofuata mtoto wa ndugu yake, aliye masomoni Dar es Salaam, aliiona picha ile katika simu yake, ikiwa tangazo la kahawa, nayo imeandikwa chini yake kwamba ukinunua pakiti hii utamsaidia mwanamke maskini wa Afrika.

Mama alikuja mkutanoni. Hakupiga kelele. Alisema: "Nimesomesha watoto watano kwa kahawa hii. Nina nyumba ya bati na ng'ombe wawili. Nimewauzia kahawa, sikuwauzia umaskini. Mbona hamkuniuliza?" Kisha akatutazama sisi, si mgeni, kwa sababu mgeni alikuwa amekwenda zake. Tulimwomba radhi siku ile mbele ya wote, na twairudia radhi hiyo leo, maana yeye yuko ukumbini humu.

Neno lake ndilo lililotufanya tuanze upya. Kwanza tuliandika kanuni, nayo imo katika kiambatisho cha ajenda: hakuna picha ya mwanachama itakayotumiwa kwa biashara kabla hajaiona, hajasomewa maneno yatakayoandikwa chini yake, wala hajatia sahihi au dole gumba. Tena anaweza kuiondoa akitaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuwapo nchini, nayo yampa mtu haki juu ya habari zake. Lakini hata kama isingalikuwapo, adabu yetu ilitutaka hivyo. Wageni wote wenye kamera wataonyeshwa kanuni hiyo kabla ya kupelekwa shambani.

Pili, tuliwauliza wanachama wenyewe ni kitu gani cha huku ambacho hakipo kwingine. Tulidhani watasema mlima au maua ya mibuni. Kina mama walicheka, wakasema, "Ngoro." Nasi tukaona haya kwa kutolifikiri. Ni nchi gani nyingine mtu husimama upande mmoja wa bonde akaona upande wa pili wote umechongwa vishimo kama sega la asali, wanaume wakiwa wamefyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake wakazifunika kwa udongo, ili mvua ituame vishimoni isichukue rutuba? Wazee wetu walilima hivyo kwa vizazi vingi katika miteremko ambayo jembe la kawaida lingaliiharibu. Ngoro ni ya maharage na mahindi, si ya kahawa, na karani mmoja alipinga kwa hoja hiyo. Tukamjibu kwamba picha hiyo yamweleza mnunuzi habari za mtu aliyeipanda kahawa: ya kuwa ni mtu anayeulinda udongo wake. Karani alikubali, ingawa si kwa moyo wote, na twamheshimu kwa hilo.

Kijana wetu mmoja wa ofisini alizipiga picha kwa simu ya mkononi tu. Mara ya kwanza alikwenda saa sita mchana, na picha zote zikawa na vivuli vyeusi machoni mwa watu, na vishimo vya ngoro havikuonekana kabisa. Mara ya pili aliamka mapema, akawa ng'ambo ya bonde saa moja na nusu asubuhi, jua likipiga kwa ubavu. Kila kishimo kilikuwa na kivuli chake, na mteremko mzima ukasimama wazi kama mkeka uliosukwa. Ni shamba lile lile, simu ile ile.

Picha nyingine zafuata njia ya kahawa: ua jeupe, tunda jekundu kiganjani, mashine ya kumenyea, meza ya kuanikia, mikono ya kuchambua, gunia. Juu ya ile ya kuchambua palikuwa na ubishi mkali katika Kamati. Yaonyesha kina mama wakitupa punje zilizotobolewa na wadudu, na baadhi yetu waliogopa mnunuzi asije akasema kahawa yetu ina wadudu. Tuliiacha. Kila shamba duniani lina punje mbovu. Anayetuona tukizitupa atakuwa na imani na zilizosalia.

Na uso juu ya mfuko? Tulimwendea mama yule yule, tukamwuliza kama angekubali. Alikaa na swali letu majuma mawili. Alipokubali, alitoa masharti. Alichagua nguo mwenyewe, akavaa kanga jozi iliyo mpya. Wanawake mliomo humu mwajua ya kuwa kanga ni picha yenye maneno: ina pindo, ina mji, ina jina, na jina likiwa baya hakuna atakayeinunua hata rangi zikipendeza namna gani. Mama alilichagua jina kwa uangalifu kuliko sisi tulivyochagua mchapaji wetu wa kwanza. Akasimama karibu na meza yake ya kuanikia, mkononi ameshika kitabu chake cha mzani. Sharti lake la mwisho lilikuwa kwamba jina la chama chake cha msingi liandikwe, nalo limeandikwa, pamoja na nambari ya fungu la kahawa, ili mnunuzi akipenda aweze kuuliza, na akichukia pia aweze kuuliza.

Hilo la kuchukia ndilo linalotutia hofu, na hatutalificha. Zamani kahawa mbovu ya mtu mmoja ilizama katika gunia la wote. Sasa itatoka ikiwa na sura ya mama huyu mbele. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kahawa isiyopita kwa waonjaji isitiwe katika mfuko wenye nembo hata fungu moja, na chama cha msingi kitakachochanganya mabichi na mabivu kiondolewe katika mpango kwa msimu mzima. Wako watakaokasirika. Afadhali wakasirike sasa.

Kuhusu fedha, twasema wazi. Sehemu kubwa ya kahawa yetu itaendelea kwenda mnadani kama zamani, na picha hizi hazitaongeza senti moja katika bei ya mnada kwa msimu huu wala ujao. Zitasaidia ile sehemu ndogo tunayoikaanga wenyewe, na zitatupa cha kuonyesha tunapozungumza na wanunuzi wa moja kwa moja. Makato yatawekwa katika hesabu ya peke yake na kusomwa mbele yenu kila mwaka. Misimu mitatu ikipita na faida ya mifuko haijafikia makato, makato yatakoma bila ya kuhitaji kura nyingine. Nembo itaandikishwa BRELA kwa jina la Chama Kikuu, wala si kwa jina la mchapaji, mnunuzi, au ofisa yeyote. Mzee wetu wa mithali aliuliza kama hati itakuwa kwa Kiswahili. Twamwahidi nakala ya Kiswahili, na atapewa yeye wa kwanza.

Mifuko miwili iko juu ya meza ya Katibu, karibu na mlango: mmoja wa twiga, mmoja wa mama. Katika ule wa pili mna kahawa iliyokaangwa juzi, na maji ya moto yatakuwapo wakati wa chakula. Kura ya jambo la saba itapigwa saa tisa.